Nina picha kibao za Paris, nazipangaje?

SWALI: Dada habari, mwezi uliopita mimi na mume wangu tulienda Paris tukazunguka Mnara wa Eiffel, kanisa la Notre-Dame na lile tao kubwa la Arc de Triomphe, sasa picha, tiketi na ramani zimejaa kwenye bahasha, nataka nitengeneze albamu ya kumbukumbu, nipange kwa siku au kwa jengo?

JIBU: Mpenzi, panga kwa jengo, kila moja kurasa mbili, picha moja kubwa na ndogo mbili tatu pembeni basi. Ila anza na tiketi leo leo! Zile za karatasi laini inayong'aa maandishi yake yanachapwa kwa joto na yanafifia mpaka inabaki nyeupe tupu, inauma sana, kwa hiyo toa fotokopi ubandike hiyo. Gundi na karatasi tafuta zisizo na asidi, za kawaida zinafanya picha iwe njano. Ramani kata kile kipande mlichotembea, chora njia yenu kwa kalamu nyekundu. Halafu andika kwa mkono wako, mfano Notre-Dame iliungua Aprili 2019 ikafunguliwa tena Desemba 2024, na chini yake mume wako alisema nini mlipoingia.