Ujerumani: Kadi ya Buluu, viza ya mtaalamu au Chancenkarte?

Ukitaka kwenda kufanya kazi Ujerumani, kabla ya kuuliza ni ipi kati ya njia hizi tatu inatoka haraka, kiangalie cheti chako. Ingia kwenye Anabin, hifadhidata ya Kijerumani ya vyuo na shahada za nje, ambayo ni bure mtandaoni, utafute vitu viwili: chuo na shahada. Chuo kiwe na alama ya H+, yaani kinatambuliwa, na shahada iwe imeandikwa "entspricht" au "gleichwertig", yaani inalingana na ya Kijerumani. Chapisha kurasa zote mbili. Mtu huona H+, akafurahi, akafunga kompyuta, kumbe shahada yenyewe haimo kwenye orodha. Faili linakwama hapo. Ikiwa haimo, au chuo kina alama ya H+/-, omba tathmini ya cheti kutoka ZAB, ofisi ya Ujerumani inayotathmini vyeti vya nje. Ada ni euro 208, na usingoje mpaka upate kazi ndipo uombe. Madaktari na wauguzi wana mlango wao: wao wanahitaji leseni ya taaluma, Anabin peke yake haiwafikishi.

Cheti kikikaa sawa, sasa soma mkataba. Kadi ya Buluu, kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wasomi, inataka kazi inayoendana na elimu yako, mkataba usiopungua miezi sita, na mshahara unaofikia kima cha chini kabla ya kodi na makato. Kima hicho ni asilimia ya kikomo cha michango ya pensheni, kwa hiyo hubadilika kila Januari. Mwaka 2025 kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka. Mwaka 2026 ni 50,700. Fani zenye uhaba, kama teknolojia ya habari na uhandisi, pamoja na waliohitimu ndani ya miaka mitatu, wana kima nafuu: 43,759.80 mwaka 2025, na 45,934.20 mwaka 2026.

Chukua mkataba wa mhandisi unaosema euro 3,700 kwa mwezi na "bonasi hadi asilimia 10". Mara 12 ni 44,400. Mwaka 2025 ungepita bila shida. Maombi yakiingia 2026, umepungukiwa na 1,534.20. Bonasi haikuokoi, maana "hadi" inaweza kuwa sifuri. Mwombe mwajiri aandike 3,830 kama mshahara wa kudumu, ufike 45,960. Ni euro 130 tu kwa mwezi, na waajiri wengi hawajui kuwa hapo ndipo mambo yanapokwamia.

Kwa nini upiganie hizo 130? Kwa sababu ya yanayokuja baadaye. Mwenye Kadi ya Buluu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha ngazi ya A1 (ya mwanzo kabisa), au 21 akiwa na B1 (ya kati). Mwenye viza ya kawaida ya mtaalamu hungoja miaka mitatu, na B1 ni lazima. Kubadilisha mwajiri nako ni kwepesi zaidi kwa Kadi ya Buluu: ndani ya miezi 12 ya kwanza unatoa taarifa kwa ofisi ya wageni, baada ya hapo uko huru.

Hata hivyo viza ya mtaalamu si ya kudharau. Haina kima maalumu kwa walio chini ya miaka 45. Kinachoangaliwa ni kama unalipwa sawa na Wajerumani wa kazi hiyo hiyo. Na tangu Novemba 2023 kazi si lazima ifanane na ulichosomea, ilimradi ni ya kitaalamu na haihitaji leseni. Aliyesoma kilimo akapata kazi ya kuuza programu za kompyuta, njia yake ni hii.

Ukifika miaka 45, hesabu inageuka. Viza ya mtaalamu kwa mara ya kwanza itakudai euro 55,770 (mwaka 2026) au ushahidi wa akiba ya uzeeni ya kutosha. Kadi ya Buluu haina sharti hilo. Mzee wa teknolojia anayelipwa 47,000 anapita kwenye Kadi ya Buluu na kukwama kwenye ile inayodhaniwa ni rahisi.

Chancenkarte, iliyoanza Juni 2024, ni ya kutafuta kazi. Usiichukue kama una mkataba mkononi. Unahitaji pointi sita, au cheti kilichotambuliwa kikamilifu, na pesa za kujikimu: mwaka 2025 zilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani 13,092 kwa mwaka mzima, kwa kawaida kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo hukutolea kiasi fulani tu kila mwezi. Unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki, kwa hiyo usipange kuishi kwa kibarua.

Jambo moja la kumwomba mwajiri mapema: utaratibu wa haraka. Anauanzisha yeye kwenye ofisi ya wageni ya huko Ujerumani, kwa idhini yako ya maandishi, kwa ada ya euro 411. Kibali cha awali kikitoka, ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu. Liingizeni kwenye mazungumzo ya mkataba, pamoja na nani atalipa hizo 411.