Tanga Inaliwa kwa Saa: Shangazi Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niligusia mbaazi za nazi za Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa mistari miwili tu, barua zikamiminika. Nimechagua nne. Zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: Tanga mtu ale wapi, na kwa nani.

*Shangazi, shikamoo. Mwezi ujao nahamia Tanga kikazi na sina ndugu huko. Nimeambiwa Watanga wanajua kupika. Naomba unitajie hoteli tatu nzuri za kuanzia. — Msomaji wa Dodoma*

Marahaba mwanangu, na karibu sana. Nikikutajia hoteli tatu nitakudhulumu. Chakula chetu kizuri kimekaa mlangoni kwa watu, na kila kimoja kina saa yake. Ukichelewa, basi mpaka kesho. Kwa hiyo tafuta kwanza saa, halafu uulize mtu.

Anza alfajiri, Ngamiani. Barabara za huku tunazihesabu kwa namba, hutapotea. Toka watu wanaporudi msikitini, ufuate harufu ya iliki. Mtaani kwetu yuko mama mmoja anakaanga vitumbua mlango uleule tangu nasoma shule ya msingi, na mimi sasa nina wajukuu. Mchele anauroweka mchana, jioni anausaga kwa tui zito, anatia hamira na iliki iliyotwangwa saa hiyohiyo, kisha anaufunika uumuke. Iliki yake inatoka Amani, milimani juu ya Muheza, na hataki nyingine. Kabla hajamimina anadondosha tone moja la unga kwenye chuma na kutega sikio. Likilia kwa nguvu, anavuta kuni moja nje. Likinyamaza, anairudisha. Nimekaa naye asubuhi nyingi na sijawahi kumwona akikisia moto kwa jicho.

Kitumbua chake ukikikata, ndani kina matundu kama sega la nyuki, ukingo umekauka, katikati pamebaki peupe. Popote utakapokula vitumbua, kata kwanza utazame ndani. Kikiwa kimeshikana kama mkate, ujue mchele umechanganywa na unga wa ngano, au aliyekipika hakuwa na subira ya kungoja unga uumuke. Saa mbili na nusu beseni lake liko tupu. Wengi wamemshauri aongeze. Anajibu kwamba chuma ni kimoja na mikono ni miwili.

Mbaazi na maandazi ni za kuanzia saa moja. Zile nzuri zimelala jikoni usiku kucha zikaiva kwa moto mdogo, tui likatiwa mwisho, na mchuzi unashika andazi badala ya kulilowesha. Muuzaji akikupakulia huku anakoroga kutoka chini ya sufuria, kaa hapo.

Mchana jua likikuzidi uko mjini karibu na soko, ingia Patwas unywe juisi ya matunda. Ni mahali pa zamani, watu wa rika zote wanapafahamu. Mtindi wa Tanga Fresh hata Dodoma unaujua, lakini nataka ukumbuke kwamba maziwa yale yanatoka kwa wafugaji wadogo wa mkoa huu. Kila ninapofungua pakiti nawakumbuka, na wewe nakuomba ufanye hivyo.

Jioni ni ya mihogo na pweza, nitaieleza hapa chini. Usiku ni wa kahawa chungu na kashata, barazani, na hapo ndipo utakapopata ndugu wa kukuelekeza mengine yote. Kaa, salimia, sikiliza. Usiulize bei ya kahawa kabla hujasalimia.

*Shangazi, nilikuja Tanga na mume wangu tukala pweza katika mgahawa mmoja wa ufukweni. Alikuwa mgumu kama kandambili. Tulilipa pesa nyingi na meno yakauma. Je, hivyo ndivyo pweza alivyo? — Mama wa watoto wawili, Morogoro*

Pole sana mwanangu. Sivyo alivyo, na nimeumia kwa niaba yenu, maana pweza mzuri ni fahari yetu.

Pweza hulainishwa kabla hajaona moto. Hupigwa kwa gongo, au hubamizwa juu ya jiwe, mpaka mikono yake ilegee. Wanaoharakisha huruka hatua hiyo. Kisha hupikwa kwa moto wa taratibu, na hapo mwanzoni hana haja ya maji mengi kwa sababu anatoa yake mwenyewe, mekundu ya zambarau. Bibi yangu alikuwa hatii chumvi mpaka ameiva, akisema chumvi ya mapema inamkaza. Nami nimelifuata neno lake miaka yote na sijajuta.

Safari ijayo msiende penye meza za vitambaa. Nendeni wakati wa magharibi, jua likizama, kwa kijana mwenye meza ya mbao, taa moja, na sufuria ya supu pembeni. Mwangalieni anapokata. Kisu kikipita bila yeye kuegemea mkono, kaeni mle. Ombeni vipande vya ncha za mikono, ndivyo vitamu zaidi, na kikombe cha supu chenye ndimu. Mkiwa wapenzi wa mpira, siku ya mechi pale Mkwakwani, Coastal Union wakiwa nyumbani, mitaa ya jirani hujaa mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili, na hakuna anayelala njaa hata kama timu imefungwa.

*Shangazi, shikamoo. Nitafika Tanga katikati ya Ramadhani na mimi ni Mkristo. Nitakula wapi mchana bila kuwakwaza watu? — Msomaji wa Moshi*

Marahaba. Hutamkwaza mtu ukila ndani kwa staha. Sehemu nyingi za Ngamiani hufungwa mchana, hivyo nunua vyako asubuhi ule ulikofikia. Lakini usifunge safari ya Ramadhani ukaishia kula chumbani! Kuanzia alasiri meza hutolewa barazani: magimbi na mihogo ya nazi, tambi, mkate wa kumimina, uji wa pilipili manga. Mkate wa kumimina nunua mapema, kwa yule unayemwona anapalia makaa juu ya mfuniko. Adhana ikilia, atakayekuwa karibu nawe atakukaribisha. Itikia. Usiseme umeshiba.

*Shangazi, nakuandikia kutoka Muscat. Mama yangu alizaliwa Tanga akaondoka akiwa msichana. Sasa ni mtu mzima sana, hamu ya chakula imempungua, ila kila siku anataja bada. Nakuja huko kwa wiki moja. Nitalipata wapi, na nitampelekeaje? — Binti wa Muscat*

Barua yako nimeisoma mara tatu, mwanangu. Nisalimie mama.

Kwa wasiolijua: bada ni ugali wa muhogo. Muhogo humenywa, hukatwa, huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, na hapo tunauita makopa. Makopa hutwangwa, unga ukachekechwa. Bada lililosongwa vizuri halina weupe wa sembe, lina ukijivu kidogo, linang'aa na linavutika. Ukilimega lazima uchovye mkono maji kwanza, la sivyo litakung'ang'ania vidoleni.

Kulila hapa, nenda kwa mama lishe yeyote anayepikia wavuvi na wachuuzi kule Deep Sea, panaponadiwa samaki. Fika kabla ya saa saba. Agiza bada kwa chukuchuku ya tasi au changu: samaki, ndimu, chumvi, pilipili, maji, basi. Mafuta hayaingii humo. Kula kwa mkono, ukikumbuka kwamba huenda mama aliketi hivyohivyo akiwa na umri wa kwenda kisimani.

Bada lenyewe halisafiri, likipoa linakuwa jiwe. Beba unga. Wa sokoni upo, lakini kwa ajili ya mama ningetaka ununue makopa mazima, uyaone kwa macho. Yavunje: yanatakiwa yakatike kwa mlio mkavu na ndani yawe meupe. Yenye madoa meusi au harufu ya uvundo yaache. Muulize muuzaji muhogo umetoka shamba gani na ni wa aina gani, kwa sababu muhogo mchungu usiotayarishwa sawasawa unadhuru, na muuzaji mwaminifu hatakasirika kuulizwa. Kisha peleka kinuni au mashineni, uchekeche mara mbili, uanike tena nusu siku. Funga mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine.

Muscat samaki wapo, ndimu zipo. Maji yakichemka tia unga kidogokidogo huku unasonga, usiondoe mkono mwikoni mpaka liache kunata pembeni mwa sufuria. Mara ya kwanza litakuharibikia, huenda na ya pili, kwa hiyo beba unga wa kutosha, kilo tatu hivi. Na mama akiwa ana nguvu za kukaa jikoni, mpe kiti karibu nawe akuelekeze. Akishika mwiko, muachie.

Ukirudi niandikie uniambie alikula na samaki gani.