Jibu: Mjomba mwembamba, anaendesha baiskeli kila siku, moyo umempataje?

Mkuu, pole kwa kuuguliwa. Umesema mjomba wako wa Chumbageni ana miaka 52, hana kitambi, baiskeli asubuhi na jioni, na bado daktari kasema mishipa inayolisha moyo imeziba. Baiskeli imemsaidia, usiidharau. Ila wembamba haumkingi mtu kama tunavyodhani hapa Tanga. Kaka yangu niliyemuuguza naye alikuwa mwembamba.

Kaka alikuwa na vitu vitatu: presha, sigara na lehemu mbaya kwenye damu, yaani kolesteroli. Presha na lehemu haziumi, na sigara yeye aliiona starehe. Vikikutana kwa mtu mmoja, hatari huzidishana. Presha inauchubua ukuta wa ndani wa mshipa, moshi wa sigara unauchubua zaidi na kufanya damu igande upesi, lehemu nayo inajipenyeza humo humo na kufanya uvimbe. Njia inakuwa nyembamba mwaka hadi mwaka na mtu anapiga pedali kama kawaida. Siku uvimbe ule wa mafuta ukipasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba. Kaka alitoka jasho la baridi, kifua kikabana mpaka kwenye taya, watu wakasema vidonda vya tumbo. Tafadhalini, dalili hizo ni za kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni hii kauli ya "presha ya utu uzima". Hata madaktari wa Marekani zamani wengi waliamini presha kupanda na umri ni kawaida. Mwaka 1948 wakaanza kuwafuatilia wakazi wa mji wa Framingham, na miaka ilivyokwenda ikaonekana wazi kwamba wenye presha ndio moyo unaowasumbua zaidi. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kila ukipima, nenda katibiwe. Kisukari ni hivyo hivyo, kinaharibu mishipa kimyakimya.

Chakula chetu nacho tukitazame. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote, na kipande cha ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kinakula sehemu kubwa ya hiyo. Wifi yangu sasa anairoweka usiku kucha, anamwaga maji, anaichemsha, anamwaga tena, na kwenye mchuzi haongezi chumvi hata chembe. Mafuta ya nazi mengi ni yale yanayopandisha lehemu mbaya. Simwambii mtu wa pwani aache nazi, nitakuwa namdanganya, lakini mbaazi za kila siku pale nyumbani zinapikwa kwa tui la pili.

Kama mjomba anavuta, aache leo. Baada ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada hushuka karibu nusu. Sioni dawa ya bei rahisi kama hiyo.

Halafu mama yako. Ukiwa na baba au kaka aliyepata ugonjwa huu kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, hatari yako imepanda. Kwako huyo ni mjomba, kwa mama ni kaka wa damu. Mpeleke apimwe presha, sukari na lehemu, hata kama anakwambia yuko mzima.