Mlango kwa mlango: inawezekana, lakini wapi?

Umeuliza kama watu wa kujitolea wanaogonga milango wanaweza kweli kumwangusha mgombea mwenye fedha na jina. Wanaweza, ila si kila mahali. Kwenye uchaguzi mkuu mtu aliyezoea chama chake hahami kwa sababu ya kipeperushi. Watafiti wa siasa Kalla na Broockman walipitia majaribio 49 ya Marekani mwaka 2018, wakakuta wastani wa athari za kampeni katika kumshawishi mpiga kura abadili chaguo lake uko karibu na sifuri.

Nguvu iko kwa wale ambao wangebaki nyumbani. Jaribio la watafiti Gerber na Green mjini New Haven, Marekani, 1998, lilionyesha kuwa kutembelewa ana kwa ana huongeza wanaojitokeza kupiga kura, ilhali simu hazikusaidia. Ndiyo maana kura za mchujo, chama kinapochagua mgombea wake, hupinduka: wapigaji ni wachache. Juni 2018, kwenye mchujo wa chama cha Democratic huko New York, mgombea mpya Alexandria Ocasio-Cortez alimbwaga Joe Crowley, mbunge tangu 1999, akiwa amepata kura zisizofika 17,000!

Mawazo nayo hubadilika, lakini kwa kusikilizwa. Kwenye jaribio la Miami, Marekani, mazungumzo ya mlangoni ya dakika kama 10, mtu akiulizwa na kuachwa asimulie yaliyomkuta mwenyewe, yalipunguza chuki dhidi ya waliobadili jinsia, na athari hiyo ikadumu angalau miezi 3.

Kwa hiyo kama mko wachache, anzeni na waliojiandikisha lakini hawakupiga kura mara iliyopita. Na tafadhali, wafundisheni vijana wenu kuuliza kabla ya kuhutubia.