Wafuasi 10,000 kwa mwezi: huyo ni mtaalamu wa nini?

SWALI: Natengeneza na kuuza fenicha kwa oda. Kijana mmoja mwenye wafuasi zaidi ya 80,000 anajitambulisha kuwa mtaalamu wa mitandao ya kijamii, na ameniahidi wafuasi 10,000 ndani ya mwezi mmoja. Anataka nimpe nenosiri la ukurasa wangu ili aanze kazi. Nitamjuaje mtaalamu wa kweli?

JIBU: Nenosiri usimpe. Facebook na Instagram zina utaratibu wa kumwongeza mtu kwenye ukurasa kwa jina lake mwenyewe, ukampa ruhusa anazohitaji tu, na mkiachana ukamwondoa. Anayefanya kazi hii kila siku anaujua utaratibu huo. Akiendelea kung'ang'ania nenosiri, swali lako ameshalijibu yeye mwenyewe.

Kinachoniumiza zaidi ni hao 80,000. Swali kama lako linanifikia kila mara, na karibu kila anayeuliza anaanza kwa kunitajia idadi ya wafuasi wa huyo "mtaalamu", kana kwamba ndiyo leseni yake. Mtu anaweza kufuatwa na umati kwa kuwa anachekesha, anaimba au aliwahi kuzua gumzo. Hiyo ni karama, naiheshimu. Lakini kuwavuta watu waje kukutazama wewe ni kazi moja, na kumfanya mtu asiyekufahamu atoe hela anunue meza ya mwingine ni kazi nyingine kabisa.

Na hapo tumechukulia kuwa hao wafuasi ni watu. Mfanyabiashara mmoja aliniletea ukurasa wake niukague: wafuasi 40,000, mauzo yamebaki palepale. Nikashuka hadi kwenye posti aliyotangaza kuwa amefunga biashara kwa siku tatu kwa msiba wa mama yake. Chini yake komenti zaidi ya 30: "Kazi nzuri!", "Moto sana!", na emoji za makofi. Hakuna hata mmoja aliyempa pole. Nikafungua akaunti moja baada ya nyingine: hazina picha, majina yamefuatiwa na msururu wa tarakimu, zinafuata maelfu ya watu na zenyewe hazijawahi kuposti chochote. Mwenyewe hakuwa amezisoma komenti zile. Yule "mtaalamu" aliyekuwa analipwa kwa kazi hiyo alikuwa akimtumia picha ya skrini yenye idadi ya wafuasi, basi.

Hasara haiishii kwenye hela uliyolipa. Ukiposti, mtandao hauwaonyeshi wafuasi wako wote. Unapima nani anasimama kusoma, nani anahifadhi, nani anamtumia mwenzake. Akaunti bandia hazifanyi hayo, kwa hiyo ukimya wao unahesabika kama ushahidi kwamba kazi zako hazivutii. Na siku ukilipia tangazo ukaomba utafutiwe watu wanaofanana na wafuasi wako, unautuma mtandao ukatafute wanaofanana na akaunti hewa. Isitoshe, zinafagiwa: Desemba 2014 Instagram ilisafisha akaunti za namna hiyo, na baadhi ya watu mashuhuri wakapungukiwa wafuasi kwa mamilioni.

Hii ni biashara ya udanganyifu, tuiite hivyo. Mwaka 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Devumi kwa kuuza wafuasi na laiki bandia, na mwaka 2024 ikapitisha kanuni inayokataza kuuza na kununua vitu hivyo kwa ajili ya biashara. Wauzaji bado wapo tele. Wanaowawinda hasa ni wenye biashara inayosuasua, watu wasio na hela ya kupoteza.

Mtaalamu wa kweli utamtambua kwa maswali yake. Kabla ya kukuahidi chochote atataka kujua kabati moja linakuachia faida gani, mteja huchukua muda gani tangu kuulizia hadi kulipa, nani anajibu inboksi na baada ya saa ngapi, na wateja wako kumi wa mwisho walikujuaje. Huenda akakwambia mtandao mmoja unakutosha. Vyeti vya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, au vya Google si vibaya, ila vinaonyesha amesoma tu.

Mwombe, kwa ridhaa ya mteja wake, akufungulie uone akaunti ya matangazo ya kulipia aliyoisimamia: hela iliyotumika, waliofikiwa, walioulizia, walionunua. Kisha mwombe tangazo lililofeli na akueleze alibadilisha nini. Asiye na lililofeli hajafanya kazi, au anakuficha.

Mkikubaliana, akaunti ya matangazo ifunguliwe kwa jina la biashara yako, na ukurasa uwe chini ya barua pepe yako wewe. Nimeona kurasa zilizojengwa kwa miaka zikibaki mikononi mwa mtu aliyezifungua kwa barua pepe yake, na mwenye biashara akaanza upya na wafuasi sifuri.