Albumini imeshuka: ni ini au ni figo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, amevimba miguu, na kila asubuhi huamka na uso umemvimba. Kipimo cha damu kimeonyesha albumini ya gramu 24 kwa lita, nasi tumeagizwa apimwe mkojo pia. Majirani wanasema ni lishe duni, tumpe mayai kwa wingi. Je, kipimo hiki kinaonyesha ugonjwa gani hasa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa takriban gramu 35 hadi 50 katika lita ya damu. Ndiyo inayosaidia zaidi kuyashikilia maji ndani ya mishipa. Ikishuka sana, maji huvuja na kutuama miguuni, usoni au tumboni.

Namba hiyo peke yake haitaji kiungo kinachougua, kwa kuwa ini lililoharibiwa na pombe au na homa ya ini aina ya B hushindwa kuitengeneza albumini ya kutosha, ilhali figo ambazo vichujio vyake vimeharibika huiachia ipotee kwenye mkojo. Hiyo ndiyo sababu ya kuagizwa kipimo cha mkojo, na nawasihi msikiahirishe. Mkojo ukikutwa na protini nyingi, hasa zaidi ya gramu 3.5 kwa siku, figo ndizo zitakazochunguzwa kwanza. Usipokuwa nayo, daktari ataliangalia ini kwa bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu), muda wa damu kuganda na ultrasaundi. Uso kuvimba asubuhi huonekana zaidi kwa wagonjwa wa figo, lakini moyo na maambukizi makali navyo vichunguzwe.

Wasomaji wengine wajue kwamba albumini ya kawaida haithibitishi uzima. Iliyokwisha tengenezwa huchukua karibu wiki tatu kupungua hadi nusu, hivyo ini lililoshambuliwa ghafla laweza kuonekana salama. Na mwenye kisukari huanza kuipoteza kidogo kidogo kwenye mkojo kabla haijapungua katika damu, kwa hiyo apime mkojo kila mwaka.

Kuhusu mayai, hayawezi kuziba kichujio kinachovuja, na protini ya kupindukia yaweza kuzielemea figo zinazougua. Mama aendelee na mlo wake wa kawaida, apunguze chumvi, na asinunue dukani dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni, kwani zaweza kuziumiza figo. Akianza kuhema kwa shida, au mkojo ukipungua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.