Kabla hujanunua heka za bei chee jirani na Tarangire

Tangu nianze kulima upande wa Kwakuchinja, wanaotafuta mashamba huku huniuliza swali lilelile: mpaka wa hifadhi uko wapi? Huwajibu kwamba tembo hajui bikoni. Uliza kwanza wanyama huelekea wapi mvua zikianza.

Hifadhi ya Tarangire, yenye kilomita za mraba zipatazo 2,850, ni makazi yao ya kiangazi. Kuanzia Julai hadi Oktoba hujazana kwenye Mto Tarangire kwa sababu ndiko kwenye maji ya uhakika. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia hutawanyika. Wengine huenda mashariki, mbuga za Simanjiro, ambako majani yana madini yanayofaa majike yanayonyonyesha. Wengine hushika njia ya kaskazini. Hapo katikati ya Tarangire na Manyara ndipo ulipo ushoroba (mapito ya wanyama) wa Kwakuchinja, unaokatiza barabara ya Arusha–Babati na kupita kwenye vijiji vyetu.

Sasa, dalali atakupeleka kuona shamba lini? Agosti. Pamekauka, kimya, hata swala humwoni. Rudi mwenyewe Machi. Kama huwezi kusubiri, kagua miti: ukikuta mgunga una tope kavu juu kupita kimo chako na gome limelainika kama limepigwa msasa, hapo tembo hujikuna kila wapitapo. Kisha kaa na wazee wa kijiji, dalali asiwepo. Nenda na kwa mtendaji ukaombe kuona mpango wa matumizi bora ya ardhi. Eneo likiwa limetengwa kwa malisho au wanyamapori, achana nalo, hata karatasi ya mauziano ikiwa na mihuri mitatu.

Mahindi, maboga na matikiti ni kuwaita tembo tu. Mimi upande wa njia yao nimeweka ufuta na pilipili, mahindi yako karibu na nyumba. Kamba za katani zenye vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu na pilipili husaidia, ila mvua huzisafisha na lazima uchovye upya. Wengi huchokea hapo. Mizinga ya nyuki nayo ni kinga, na asali unakula. Usiku usitoke peke yako kufukuza tembo, hasa mwenye ndama.

Wakiharibu, toa taarifa kwa mtendaji asubuhi hiyohiyo, kabla hujang'oa chochote, ili afisa wanyamapori aje kupima. Kifuta jasho, yaani pesa kidogo ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao, kipo, lakini si fidia: usikipangie ada ya watoto.